Nyumba Iliyovuka Mto

Jana mto ulikuwa nyuma ya nyumba. Leo ulikuwa mbele.

Mama Pacha aliligundua hilo alipofungua mlango, beseni la maji ya kudekia mkononi, akitaka kuyamwaga njiani kama kawaida yake. Njia haikuwapo. Pale pa njia maji ya matope yalikuwa yanapita kwa fujo, yamebeba matawi na ndoo ya mtu. Ng'ambo ya maji hayo ndiko ilikobaki barabara, na barabarani majirani walikuwa wamesimama wanamtazama yeye. Mmoja alimpungia mkono. Naye, kwa kukosa la kufanya, akapunga. Halafu akayamwaga maji yake machache kwenye yale mengi, akaingia ndani kumwamsha mumewe.

Lazima uijue ile sehemu ndipo utaielewa balaa yenyewe. Bonde ni jembamba, milima imelibana huku na huku, na mto unashuka katikati mbiombio kama mtu aliyechelewa kazini. Upande wa barabara ni ardhi ya hati, kila mtu na kiwanja chake. Upande wa pili ni ardhi ya kabila. Huko hakuna kuuziana. Ardhi inagawiwa na kamati yao, na mtu wa nje hamiliki hata pa kuchimbia choo. Mpaka ni mto. Wakubwa wa pande zote mbili walikubaliana hivyo tangu zamani, ofisi ikagonga muhuri: mto ukihama wenyewe, mpaka unahama nao, ukihamishwa na mtu, mpaka unabaki palepale ulipokuwa. Kila mtu bondeni alilijua hilo, na kila mtu aliiona sehemu ya pili kuwa maneno ya kujazia karatasi. Nani mwenye ubavu wa kuhamisha mto?

Mumewe alitoka anafunga vifungo vya shati. Watu wote walimwita Fundi, maana katika bonde lile la mawe yeye ndiye aliyejua kuyapanga yakakaa. Aliangalia maji yaliyo mbele, akazunguka nyumba mbio. Mama Pacha akamfuata. Nyuma, pale palipokuwa na mto tangu aolewe, palikuwa na kokoto zilizolowa na vidimbwi ambamo samaki wadogo walikuwa wanatapatapa. Fundi alikwenda mpaka kwenye kona ya juu, akachuchumaa. Huko alikuwa amejenga ukuta wa mawe ndani ya nyavu za waya, kulikinga shamba lao la maharage. Sasa ukuta ulikuwa umefukiwa na changarawe, umebaki waya mmoja tu umechomoza.

"Ni kile kidomo," alisema.

Mama Pacha hakuhitaji kufafanuliwa. Mawe ya ukuta ule aliyabeba kwa kichwa chake. Ukuta wa kawaida unalala kando ya mto na kuuacha upite. Huu wa Fundi ulikuwa na kidomo, yaani ncha iliyoingia majini, ameibuni mwenyewe, ili kuyasukuma maji yaende yakaile kingo ya ng'ambo badala ya yao. Masika yaliyopita ulifanya kazi vizuri mno. Watu walikuja kuutazama, wakausifu, na mwenye mashine ya kusaga, ambaye nyumba yake iko chini kidogo, akamwajiri, akajengewa wa kwake, wenye kidomo vilevile. Wengine wawili walikuwa wanangoja zamu. Lakini kule ng'ambo maji yalikuwa yanakula udongo, yanakula tu, mpaka yakafika kwenye jabali. Na jana, kwa mvua iliyonyesha usiku kucha, mto ulipiga jabali, ukarudi kwa hasira upande wao, ukaukuta mkondo mkavu wa zamani uliopita mbele ya nyumba, ule walioufanya njia na uwanja wa watoto kuchezea. Ukaingia humo.

"Usimwambie mtu," alisema Fundi, bado amechuchumaa. Mama Pacha akaitikia kwa kichwa. Hakuwa na nafasi ya kufikiri.

Maji yalipanda mpaka yakaingia vyumbani; yalipopungua na kufika magotini, ofisa wa ardhi alivuka, suruali ameikunja, viatu mkononi. Alifuatana na majirani waliobeba mablanketi, na mwenye mashine, ambaye alibeba mfuko wa unga begani na kuutua mlangoni bila kujionyesha. Pole zilikuwa nyingi. Walikuta familia yote uani: Fundi, mkewe, mabinti pacha wamevaa sare za shule ambayo hawawezi kuifikia, na mama yake Fundi, yaani Bibi, ameketi juu ya kitanda chake kilichotolewa nje kukauka.

Ofisa hakuwa mtu mbaya. Alieleza taratibu, kama daktari mwenye habari isiyo nzuri. Kwa kuwa mto umepita mbele, kwa ramani nyumba iko ng'ambo. Iko kwenye ardhi ya kabila. Pande mbili zingekutana wiki ijayo kutazama mpaka mpya, na baada ya hapo kamati ya kule ndiyo yenye kusema. Kwa kawaida wanampa mtu wa nje muda wa kuvuna, kisha anaezua bati zake na kuondoka. Mawe anayaacha.

Bibi aliuliza kama amesikia sawasawa. "Kwa hiyo mimi nimelala kwetu, nimeamkia ugenini? Bila hata kufunga mzigo?"

Watu walicheka kidogo, kisha wakaona haya kwa kucheka.

"Swali langu ni moja tu, Fundi," alisema ofisa. "Mto umehama wenyewe?"

Mama Pacha alimwona mumewe anainua macho. Hakumtazama ofisa. Alimtazama mwenye mashine, pale alipokuwa anajipangusa unga begani.

"Wenyewe," alisema Fundi. "Ni mafuriko, mkubwa."

Ofisa aliguna, akasema basi yeye hana la kumsaidia, akavaa viatu, akakumbuka kuna maji mbele, akavivua tena.

Siku zile wakagombana kuliko walivyopata kugombana tangu waoane, na waligombana kwa kunong'ona, maana kuta zilikuwa bado hazijakauka na Bibi ana masikio. Mama Pacha alimwambia jambo ni rahisi: akubali kwamba kidomo chake ndicho kilichouhamisha mto, na mpaka utabaki ulipokuwa, na nyumba itabaki yao. Fundi akasema kwake si rahisi hata kidogo. Yeye hana shamba la maana, shamba ndilo hilo limejaa kokoto. Yeye ana jina. Akisimama mbele ya bonde zima akasema ukuta wake ndio uliomtoa kwake, nani atamwita tena kujenga hata kizimba cha kuku?

"Tutakaa kwenye nyumba yetu tule mawe?" alimuuliza.

"Na ukiwa na kazi lakini huna nyumba," akamjibu mkewe, "jioni utakuwa unarudi wapi?"

Fundi alitoka akaenda kupindua magodoro yaliyoanikwa, ambayo yalikuwa yameshapinduliwa. Mama Pacha alimwonea huruma, na huruma ile ikamzidishia hasira. Alimjua. Mwanamume huyu akikosea kupanga jiwe moja hakuwa anakula vizuri jioni ile mpaka arudi kulitoa. Leo amekosea mto mzima. Angelisema wapi?

Bibi, aliyejifanya hasikii, alisikika akiwaambia wajukuu kwamba mkondo ule wa mbele yeye aliukuta una maji alipokuwa bibi arusi, na kwamba alimwambia mtu fulani wakati anaanza ukuta wake, lakini mtu huyo alikuwa fundi na yeye ni kikongwe anayependa kuongea.

Siku mbili kabla ya mkutano Mama Pacha alipiga moyo konde, akapanda kule ng'ambo. Hakumuaga mumewe. Kamati ya ardhi ya kabila iliongozwa na mwanamke mshonaji, mwenye kibanda chake cha bati kando ya soko lao, na hata watu wa upande wa barabara walimwita Mama Cherehani. Mama Pacha alikuwa ameishi akiiona milima ya kule kila alfajiri, ila hajapata kukanyaga soko lile. Alipita katikati ya watu wanaoongea lugha asiyoijua. Wawili walicheka. Akaamini wanamcheka yeye, ingawa hakuwa na ushahidi wowote.

Kibandani kulikuwa na wateja. Mama Cherehani alimwonyesha benchi kwa kidevu, akaendelea na mambo yake: akampima mtoto kifua, akapunguza suruali, akabishana na mzee mmoja juu ya mfuko wa koti. Kila aliyeingia alimkuta Mama Pacha pale, akauliza jambo kwa kilugha, akajibiwa kwa neno moja, akageuka kumwangalia upya. Alikaa ameshika mkoba magotini, uso unamuwaka. Hatimaye mama yule alimpa sindano na uzi.

"Nitungie, dada. Macho yangu ya mchana yamekwisha."

Alimtungia. Uzi ulikataa, ukaja kukubali.

"Wewe ndiye wa ile nyumba iliyotujia," alisema Mama Cherehani kwa Kiswahili kilichonyooka.

"Ndiyo, mama. Nimekuja kuuliza mtatufanya nini."

Mama Cherehani hakumficha. Alisema wao hawana chuki na mtu, lakini ardhi ile si yake yeye wala si ya kamati, ni ya watu ambao wengine hawajazaliwa, na akimwachia mgeni mmoja mwenye nyumba ya mawe, kesho watakuja kumi na matofali yao. Watawapa muda wavune. Kisha waondoke salama. Alisema hayo huku anakanyaga cherehani, na Mama Pacha alishangaa jinsi maneno mazito hivyo yanavyoweza kusemwa huku mtu anapiga pindo.

Halafu akasimamisha mguu. "Kaka yangu alikuwa na bustani pale ng'ambo ya kona yenu. Masika yaliyopita maji yalianza kuila. Hayajawahi kuila. Sasa imebaki jabali tupu. Mume wako ana ukuta pale, au nimesikia vibaya?"

Jibu lilimfika Mama Pacha kooni. Angelitoa tu, nyumba ingekuwa yake jioni ile. Lakini likitoka kinywani mwa mke, huku mume yuko nyumbani hajui, basi si kazi tu atakayokuwa amemvunjia.

"Ukuta upo," alisema polepole. "Yaliyobaki atayasema aliyeujenga."

"Kama atasema."

"Kama atasema, mama."

Mama Cherehani akamwambia bustani ile ilikuwa na miparachichi iliyopandwa na baba yao, na akarudi kwenye pindo lake. Mama Pacha alishuka mlima analia, bila hata kujificha. Bustani ile alikuwa anaiona ikimegeka, kila asubuhi, kutoka shambani kwake. Alikuwa anaiona na kufurahi kwamba si kwao.

Alipofika alimweleza mumewe kila kitu, pamoja na miparachichi. Fundi alisikiliza mpaka mwisho. Hakumuuliza kwa nini amekwenda bila kuaga. Aliuliza tu hiyo miparachichi ilikuwa mingapi, na Mama Pacha alisema hajui, na hilo ndilo lilikuwa neno la mwisho kuzungumzwa juu ya jambo lile hadi siku ya mkutano.

Walikutana kwenye kokoto, pale palipokuwa mto. Watu wa barabara walisimama upande wao, watu wa kabila upande wao, na katikati meza ndogo ya ofisa iliyokuwa inayumba. Mwenye mashine alikuwepo, pamoja na wale wawili waliongoja zamu zao za ukuta. Bibi alibebwa kwenye kiti. Ofisa alisoma makubaliano, Mama Cherehani akayatafsiri kwa watu wake, kisha ofisa akamgeukia Fundi amuulize tena, kwa ajili ya kumbukumbu tu, kama mto umehama wenyewe.

Fundi alivua kofia. Mama Pacha, aliyesimama nyuma yake, aliona shingo yake imelowa jasho ingawa jua lilikuwa halijatoka vizuri.

"Hapana," alisema. "Nimeuhamisha mimi."

Kijana mmoja wa upande wa kabila aliruka, akasema kwa Kiswahili ili wote wasikie kwamba huyu ni mwongo, juzi alisema mafuriko, leo kajua kwamba akijitwisha kosa anabaki na nyumba. Watu wakanguruma pande zote, na ajabu ni kwamba hata wa upande wa Fundi walicheka. Walimwona mjanja. Jirani mmoja alimkonyeza, kama kusema hapo umecheza.

Basi hapo ndipo Mama Pacha alipoona kwamba kusema kweli peke yake hakutoshi. Mumewe alitakiwa kuthibitisha kwamba yeye ni fundi mbovu, mbele ya watu waliomwajiri kwa ufundi wake.

Akathibitisha. Alikunja mikono ya shati, akapiga magoti, akaanza kufukua changarawe kwa koleo na, pale koleo lilipogota, kwa vidole, mpaka kidomo kikatokea, kizima, kimekaa imara kabisa kama siku alipokijenga. Akawaita wasogee, pande zote mbili. Akachukua kijiti, akachora mto kwenye mchanga. Hapa maji yanakuja, alisema. Hapa nikayapiga teke. Yakaenda pale, kwenye bustani ya mtu. Nilijua kuna bustani, niliiona. Nilifikiri ile kingo ni udongo mpaka chini, itakuwa inayameza maji taratibu, na sikwenda kumuuliza mtu yeyote wa kule kama ni udongo au nini, maana sijapata kuvuka kwenda kumuuliza mtu wa kule kitu. Chini kulikuwa na jabali. Maji yakagonga, yakarudi hivi. Akakivuta kijiti kwenye mchanga mpaka kikaelekea mlangoni kwake mwenyewe. Hakutetea kitu. Alieleza kosa lake vizuri kuliko alivyopata kueleza kazi yake yoyote, na watu wakawa wanaitikia kwa vichwa, wakaacha kucheka.

Halafu alisimama, magoti yana tope, akamgeukia Mama Cherehani. "Bustani ya kaka yako niliila mimi. Naomba radhi. Sina cha kuilipa ila mikono hii."

Mama Cherehani alichuchumaa, akakigusa kidomo kwa kiganja, akakisukuma. Hakikutikisika. Aliongea na watu wake kwa muda mrefu kwa lugha yao, na yule kijana alijibizana naye, kisha akanyamaza.

"Mto huu umehamishwa na mtu," alisema hatimaye. "Mpaka uko hapa tuliposimama. Nyumba ni yao. Kidomo kivunjwe, na huyu bwana atakuja kwa kaka yangu, wataongea wenyewe."

Mama Pacha aligeuka kuitazama. Nyumba yao. Bibi aliuliza kwa sauti kama sasa anaweza kurudi kulala. Ofisa alikuwa anaandika. Yalikuwa yamekwisha, kweli yamekwisha, watu wameanza kupangusa viatu, na ndipo mwenye mashine alipojipenyeza mbele, uso wake umesawajika.

"Fundi," alisema. "Na wangu?"

Mama Pacha alielewa kabla ya mumewe kufungua mdomo. Huyu na wale wawili nyuma yake ndio wateja waliobaki. Nyumba imeshapatikana, ukweli wa kutosha umeshasemwa kwa siku moja, na jibu la kupoza lilikuwepo karibu kabisa: wako uko mahali tofauti, bwana, nitapita niutazame. Akanyoosha mkono, akalivuta shati la mumewe kwa nyuma. Alilivuta kwa nguvu.

Fundi alilisikia. Aligeuka nusu, akamwona ni yeye, akarudi kumtazama yule mtu.

"Wako utafanya vilevile," alisema. "Utampiga jirani yako kwanza, halafu utakurudia wewe. Ubomoe. Usingoje masika."

Mwenye mashine alisimama palepale. Alisema alimwamini, alimpa kazi wakati wengine wanasitasita, alimletea unga. Hakutukana. Afadhali angetukana. Aliondoka, na wale wawili waliokuwa kwenye foleni wakaondoka naye, mmoja anamshika bega.

Wakarudi nyumbani kwa kuzifuata kokoto, wao wenyewe, Fundi amembeba Bibi mgongoni na pacha wametangulia na kiti. Njiani Mama Pacha alishindwa kujizuia.

"Lile la mwisho hukulazimika."

"Aliniuliza."

"Ungesema utakwenda kuuangalia. Ungesema kesho. Kesho ni dhambi?"

"Ana watoto," alisema Fundi. "Wanalala chumba cha upande ule wa mto."

Alilijua hilo. Vile vitoto alishaviosha miguu kwa mikono yake, siku alizopeleka mahindi kusaga. Alikijua chumba, alikijua na kitanda chao, na bado alilivuta shati. Mume alikuwa amesema uongo mara moja kwa hofu ya kukosa kazi, naye akamshikia bango mpaka akatubu; kisha zamu yake ilipofika, hakuchelewa hata kidogo. Aliona aibu ambayo hakuna mkutano utakaoitishwa kuisikiliza. Alitaka kumwambia hivyo, akakosa pa kuanzia.

Kuufikia mlango wao iliwabidi waingie majini kidogo, pale mto mpya ulipojitanua kona ya nyumba. Maji yalikuwa ya kuvukika lakini yalivuta, na Fundi, mzigo mgongoni, aliteleza hatua ya kwanza akajishikilia.

"Nishike," alimwambia mkewe bila kugeuka. "Mama mzito huyu."

"Nimesikia," alisema Bibi.

Mama Pacha alimshika shati kwa nyuma, palepale alipolivuta, wakavuka.